Msaada: kuskaniwa nyaraka za zamani nikiwa mbali

mdadisi:
Wakuu habari, nahitaji barua kadhaa za enzi za ukoloni, ziko National Archives (hifadhi ya nyaraka za taifa) pale Kew, Uingereza, ni za tasnifu yangu na nauli sina. Hivi wanaweza kuskani wakanitumia kwa imeili?

kabrasha:
Inawezekana mkuu. Ingia katalogi yao mtandaoni utafute namba kamili ya faili, barua za Tanganyika nyingi ziko kundi la faili CO 691 (CO ni Colonial Office, wizara ya makoloni), bila namba utazungushwa tu. Halafu unalipia kwanza mtu ahesabu kurasa ndo wanakupa bei ya kuskani, na faili moja inaweza kuwa nene balaa so taja tarehe za barua unazotaka.

tafiti_dada:
Naongezea, usiombe barua peke yake, omba na zile karatasi maofisa walizokuwa wanaandikiana maoni kabla ya kujibu, utamu wote uko huko 😅

mdadisi:
Asanteni sana. Nikizipata naweza kuzichapisha?

kabrasha:
Kunukuu kidogo na kutaja namba ya faili freshi, ila picha ya barua yenyewe kuiweka kitabuni omba kibali kwanza.