Ushauri: Nataka kuvalisha kidimbwi cha kuogelea sketi ya kuzuia baridi, hapa Kiamunyi

MwalimuWaMaji (Kiamunyi, Nakuru)

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wenu kabla sijampa fundi pesa.

Nina kidimbwi cha kuogelea kile cha kusimama juu ya ardhi, cha duara, fremu ya chuma na turubai la PVC. Kina upana wa mita 4.57 na kimo cha mita 1.22. Kikijazwa hadi pale panapofaa kinabeba kama lita 17,000. Wikendi na wakati wa likizo nawafundisha watoto wa mtaa kuogelea. Mashamba mengi upande huu yamechimbwa mabwawa ya kuvunia maji ya mvua, yametandikwa nailoni inayoteleza, na mtoto akitumbukia humo hana pa kushika. Kwa hiyo hili somo silifanyi kwa kujifurahisha.

Shida ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti maji yanakataa kabisa kupata joto. Jioni kipimajoto kinasoma 24, asubuhi kabla ya jua kinasoma 21. Wale wadogo wanaanza kutetemeka hata kabla hawajazoea kuweka uso ndani ya maji, na mtoto anayetetemeka hafundishiki. Pia nimekuwa nikichora alama ya kalamu ukutani: kwa usiku mmoja maji hushuka karibu milimita 3.

Fundi anataka kukivalisha sketi, yaani kuzungushia mabanzi na kujaza polistirini katikati, ile nyeupe nyepesi inayopakiwa na televisheni mpya. Anasema ataibandika kwa gundi kwenye turubai, na mabanzi yashuke hadi yaguse udongo ili upepo usipenye. Je, itasaidia? Niweke unene gani? Na kuna ubaya wowote ambao mimi siuoni?

---

Dala_Maji (Kisumu)

Mwalimu, huku kwetu tatizo ni kinyume. Maji yanapata joto hadi yanageuka kijani usipoangalia klorini. Lakini nitakwambia kitu kimoja: usimruhusu abandike chochote kwenye turubai. Siku likitoboka utaliziba vipi?

---

HesabuKwanza (Njoro)

Mwalimu, umefanya vizuri kupima. Hebu tutumie vipimo vyako.

Kupandisha maji lita 1,000 kwa digrii moja kunahitaji uniti 1.16 za umeme. Wewe una lita 17,000, kwa hiyo digrii moja ni karibu uniti 20. Ukipoteza digrii 3 usiku, umepoteza kama uniti 60. Ukitaka kuzirudisha kwa hita ya kawaida, piga hesabu ya tokeni kwa zaidi ya shilingi 20 kila uniti. Ni zaidi ya shilingi 1,200 kila asubuhi.

Sasa zinaenda wapi? Uso wa maji yako una kama mita mraba 16.4, kwa hiyo milimita moja ikishuka ni lita 16 zilizopaa kama mvuke. Kila lita inayopaa huondoka na joto la karibu uniti 0.68. Milimita moja ni uniti 11. Milimita zako 3 ni uniti 33. Yaani zaidi ya nusu ya joto lako linatoka juu, mahali ambapo sketi haifiki kamwe.

Ukuta nao una mita mraba 17 hivi. Turubai tupu likipigwa na upepo, maji yakiwa 24 na hewa 12, linaweza kupoteza kama uniti 20 kwa usiku mzima. Hiyo ni digrii nzima, si kidogo. Kinachobaki kinapotea angani na kwa hewa inayopita juu ya maji. Chini ya kidimbwi kunapotea kidogo, kwa sababu ardhi haina baridi kama hewa ya saa kumi alfajiri.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kifuniko kwanza, sketi baadaye. Ukijenga sketi nzuri na kuacha juu wazi, utakuwa umefunga madirisha na kuacha mlango.

---

MamaPacha (Lanet)

Naunga mkono. Sisi tunafunika kwa nailoni ya grinhausi, ile iliyotengenezwa kustahimili jua. Inaelea juu ya maji yenyewe. Ile ya mapovu ni nzuri zaidi ukiipata, mapovu yakiangalia chini. Kifuniko pia kinapunguza klorini inayoliwa na jua, na vumbi la mchana haliingii.

Ila mwalimu, sheria moja isiyo na mjadala: kifuniko kinatoka CHOTE kabla mtoto yeyote hajaingia. Usikunje nusu. Mtoto akipita chini ya nailoni hataweza kuinua kichwa kupumua, na wewe ukiwa juu huwezi kumwona. Na jioni ukishafunika, ngazi ingie nyumbani.

---

MwalimuWaMaji

Asanteni sana. HesabuKwanza, hii hesabu imenifungua macho, sikuwahi kufikiri milimita 3 zina uzito huo. Kifuniko nitanunua. Lakini bado nataka sketi, kwa sababu ile digrii moja ya ukutani nayo naihitaji. Naomba tujadili namna ya kuijenga.

---

MbaoElburgon

Haya tujenge.

Unene: sentimita 2.5 zinatosha. Turubai tupu likivalishwa polistirini ya sentimita 2.5, joto linalotoka ukutani hupungua kwa karibu asilimia 88. Ukiongeza hadi sentimita 5 unafika kama 93. Pesa ya hiyo tofauti ndogo ipeleke kwenye kifuniko kizuri.

Mahali pa kuweka: hapa ndipo mafundi wengi wanakosea. Wanapigilia polistirini kwenye mabanzi, kisha wanaacha nafasi kati yake na ukuta wa kidimbwi. Upepo unapenya kwenye ile nafasi, unapita katikati ya polistirini na turubai, na kazi yote inakuwa bure. Polistirini ikae karibu na maji: iguse turubai, ifungwe kwa mkanda kuzunguka. Nafasi ya hewa iwe kati ya polistirini na mabanzi, sentimita 5 hivi, wazi juu na chini, ili unyevu utoke. Mbao zinataka kupumua na miguu ya chuma inataka kukauka. Ukifunga hadi kwenye udongo kama anavyotaka fundi wako, mvua ya Aprili itaozesha mabanzi na kutu itakula miguu ya fremu mahali usipopaona.

Sketi isimame kwa nguzo zake yenyewe. Usitoboe fremu hata skurubu moja, na usiegemeze kitu kwenye kidimbwi. Tengeneza vipande, kimoja kwa kila nafasi kati ya mguu na mguu, vyenye ndoano, ili uweze kung'oa kimoja na kuchungulia ndani.

---

PlastikiNaRangi (Eldoret)

Nakubali isipokuwa sehemu moja. Polistirini isiguse PVC moja kwa moja. Turubai la PVC limelainishwa kwa mafuta maalum, ndiyo maana linakunjika. Likigusana na polistirini kwa muda mrefu, yale mafuta huhamia kwenye polistirini. Polistirini inalainika na kuyeyuka pole pole, na turubai linakauka na kuwa gumu. Halafu linapasuka.

Dawa yake ni rahisi: weka kitenganishi. Nailoni ya kawaida, ile ya polithini, inatosha. Zungushia turubai nailoni kwanza, polistirini ije juu yake.

Na hiyo gundi ya fundi, sahau. Gundi nyingi za dukani zina kemikali inayoyeyusha polistirini ukiangalia. Mkanda unatosha.

---

MzeeWaBahati

Mabanzi yatoe maganda kabla ya kupigilia, maana wadudu wanaishi humo. Kisha pakaza oili chafu. Mchwa hatagusa. Boma langu limesimama miaka mingi kwa oili chafu.

---

PlastikiNaRangi (Eldoret)

Shikamoo mzee. Kwa boma la ng'ombe sina neno. Ila karibu na kidimbwi ningeomba asiitumie. Oili ikidondokea turubai inaliharibu, na watoto wanaegemea mabanzi wakiwa na ngozi iliyolowa. Afadhali nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, na mabanzi yakae juu ya mawe, yasiguse udongo.

---

MzeeWaBahati

Marahaba. Hapo kwa watoto umesema kweli, sikuwa nimewafikiria. Basi mwalimu atumie mawe. Na akague mara kwa mara, kwa sababu mchwa hali polistirini lakini huitoboa apite akitafuta mbao. Panya naye hujenga humo akipata nafasi. Nafasi ya chini izibwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo: hewa ipite, panya asipite.

---

MamaPacha (Lanet)

Jambo lingine la watoto. Mabanzi yapigiliwe WIMA. Yakilazwa, kila ubao ni kidaraja, na mtoto wa miaka mitatu atapanda hadi juu. Ukuta wa turubai mtupu una faida moja, haupandiki, na sketi isiiondoe faida hiyo. Pau za kushikilia mabanzi ziwe upande wa ndani.

---

FundiUmeme_Kakamega

Pampu isifichwe ndani ya sketi. Inahitaji hewa, na mvuke wa klorini ukifungiwa humo unakula chuma na nyaya. Iache nje chini ya kibanda kidogo cha mabati kilicho wazi pande mbili. Umeme wake upitie swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kwa kidimbwi cha watoto, kama huna swichi hiyo, anza nayo kabla ya sketi na kabla ya kifuniko.

---

HesabuKwanza (Njoro)

Kweli kabisa, na mimi ningeanza na swichi.

Nina ombi jingine. Kabla hujafunika ukuta, hakikisha zile milimita 3 ni mvuke tu, si kidimbwi kinachovuja. Jaza ndoo maji ya kidimbwi, iweke juu ya kidato cha ngazi ndani ya maji, na maji ya ndani ya ndoo yawe kimo kimoja na ya nje. Weka alama pande zote mbili, usiku mmoja bila mvua. Asubuhi vikiwa vimeshuka sawa, ni mvuke. Kidimbwi kikiwa kimeshuka zaidi ya ndoo, kinavuja.

Nasisitiza kwa sababu ya udongo wetu. Nakuru tumekaa juu ya majivu ya volkano. Ukiwa mkavu unabeba vizuri, lakini maji yakiingia mahali pamoja kwa muda, unasombwa na kuacha shimo. Una tani 17 zimesimama hapo. Mguu mmoja ukizama, fremu inapinda na ukuta unaweza kufunguka watoto wakiwa ndani. Leo uvujaji utauona kwa sababu ardhi italowa mbele yako. Ukishavalisha sketi hutauona, hadi ung'oe kipande.

---

MwalimuWaMaji

Wadau, nimefanya kipimo cha ndoo jana usiku. Ndoo na kidimbwi vimeshuka sawa, kwa hiyo ni mvuke. Nimefurahi mno.

Nimeongea na fundi wa umeme, anakuja kufunga ile swichi Jumanne. Nailoni ya grinhausi naifuata mjini wiki hii. Sketi itafuata mwisho wa mwezi: nailoni, polistirini ya sentimita 2.5, mkanda, nafasi, mabanzi ya wima juu ya mawe. Fundi wa mbao amekubali, ingawa alibishana sana kuhusu gundi.

Swali la mwisho. Anataka nimwage maji kwanza ili apime vizuri. Na anauliza polistirini iliyonyooka itakaaje kwenye duara.

---

MbaoElburgon

Usimwage. Kidimbwi kikijaa, turubai hutuna kati ya mguu na mguu. Akipima kikiwa kitupu, vipande vyote vitakuwa vya uongo, na maji yakirudi ukuta utasukuma polistirini hadi ipasuke. Apime kikiwa kimejaa, hakuna mtu ndani.

Kukunja ni rahisi. Kila kibao cha polistirini achanje mistari ya wima upande wa nje, usioangalia maji, umbali wa upana wa kiganja, kina cha nusu ya unene. Kitajipinda chenyewe kufuata tumbo la turubai. Atumie kisu chenye makali mapya, maana kisu butu kinamenya vidonge vyeupe, na vidonge hivyo vikiingia majini vinaziba chujio la pampu. Achanjie kila kitu mbali, nyuma ya nyumba, alete vipande vikiwa tayari.