Mjadala: Wageni wa umisionari wa wiki mbili, tuendelee kuwapokea vijijini?

Mleta mada (Chamwino)

Ndugu zangu katika Kristo, pamoja na wengine wote mnaofuatilia, naleta hoja ambayo kwa kawaida huishia kwenye minong'ono nje ya kanisa. Mvua zikishakatika na mavuno yakiwa ghalani, parishi nyingi za vijijini Dodoma hupokea makundi ya Wakristo kutoka Marekani, Uingereza, Australia na kwingineko, ambao hukaa nasi wiki moja au mbili, hujenga darasa au ukuta wa kanisa, hufundisha watoto Biblia, kisha huaga. Wapo wanaotaka safari hizi zikome kwa madai kwamba ni utalii tu, na wapo wanaoona kuzihoji ni kumfukuza mgeni aliyeletwa na Mungu. Mimi nasema waje, lakini gharama ya ugeni huu hubebwa zaidi na wanawake wa parishi, na gharama hiyo haiandikwi katika daftari lolote.

Tuitazame siku moja tu. Kabla wageni hawajaamka, akina mama wameshawasha moto, kwa sababu maji ya kuoga yanatakiwa yapashwe, na ya kunywa yachemshwe mapema ili yapoe. Kundi la watu 12, kila mmoja akioga ndoo moja ya lita 20 kwa siku, linahitaji lita 240 kabla hata sufuria moja haijaoshwa. Mwezi wa Agosti, pale ambapo bomba la kijiji halitoi, maji hayo hutoka katika shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa korongo; mwanamke huchuchumaa pembeni, husubiri maji yajikusanye, huyachota kwa kata, kisha husubiri tena hadi dumu lijae. Baada ya chai na ibada fupi wageni huenda kwenye ujenzi hadi saa saba mchana. Wakati huohuo akina mama wanachambua mchele na kunyonyoa kuku, maana hakuna anayethubutu kumwandalia mgeni ugali wa uwele na mlenda, ingawa ndicho chakula cha nyumba aliyofikia. Alasiri kuna michezo na watoto (ambao baadhi yao walipaswa kuwa darasani), jioni kuna nyimbo na ushuhuda, na usiku kuna vyombo vya kuosha.

Napendekeza kwamba kundi lolote kabla ya kuja lilete bajeti yake, isomwe mbele ya halmashauri ya parishi, na iwe na kifungu cha malipo ya wapishi na wachota maji. Makambi ya tiba siyaingizi hapa, kwa kuwa daktari mgeni ana utaratibu wake wa kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Fundi mwashi (Bahi)

Dada yangu, umesema vizuri, lakini umeishia jikoni. Twende hadi kwenye ukuta wenyewe. Tofali la kuchoma hulowekwa maji kabla ya kujengewa, la sivyo hufyonza maji ya mota na mshiko unakuwa hafifu. Na ukuta ukishapanda, kwa upepo wetu huu mkavu, sharti umwagiliwe kwa siku kadhaa ili saruji ikomae taratibu. Nimefanya kazi na vijana wageni wenye moyo safi kabisa, ambao walipanga tofali kavu kwa sababu maji hayakutosha, na mimi niliyetakiwa kuwaelekeza niliona haya kuwazuia mbele ya viongozi waliokuwa wakiwapongeza. Walipoondoka, hakuna aliyekuwa na fedha ya kununua maji ya kumwagilia. Ukuta ule ulipasuka kabla haujaezekwa.

Hoja yangu ni fupi. Kijijini kwetu kuna mafundi wasio na kazi kiangazi kizima, na nauli ya mgeni mmoja wa kutoka ng'ambo ingewalipa wengi wao. Kazi ya ufundi wapewe mafundi. Kama wageni wanataka kushika kitu, washike koleo wachanganye zege chini ya fundi, naye apewe mamlaka ya kusema hapana.

Mwinjilisti (Mpwapwa)

Nawaheshimu wote wawili, lakini naona mnahesabu kwa kalamu jambo ambalo halikuanza kwa kalamu. Wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana, walifika hapa Mpwapwa katika miaka ya 1870. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, waliokuja kutoka Australia walikaa miaka, na Hospitali ya Mvumi inayotibu watu hadi leo ni tunda la kazi ya namna hiyo. Ni kweli kwamba hawakuja kwa wiki mbili. Lakini kila aliyekaa alikuwa na watu nyuma yake waliomchangia kutoka mbali, na leo mtu aliyelala kijijini kwetu, akasikia zeze na ngoma za Kigogo zikimsifu Mungu, akanunua jogoo kwenye mnada baada ya ibada na kulirudishia kanisa, huyo ndiye atakayeendelea kumlipia mtoto ada akiwa kwao. Ile nauli anayoitaja fundi isingetumwa kwetu kama mtu hakusafiri.

Kuhusu malipo ya wapishi, mama, nina shaka kubwa. Kwetu Wagogo mgeni hupokewa kwa salamu ya "mbukwenyi" na chakula, na mama akilipwa kwa kumpikia mgeni, tumeigeuza nyumba yake kuwa hoteli.

Mleta mada (Chamwino)

Mwinjilisti, nakubali kwamba fedha nyingi hufuata nyayo za mtu, na ndiyo maana sikusema wasije. Ila kuhusu aibu ya malipo nakuomba utafakari. Dereva wa kundi hulipwa, mkalimani hulipwa, mwenye gari hulipwa na hata kujaziwa mafuta, na hakuna anayesema tumegeuza injili kuwa biashara. Mbona thawabu ya mbinguni inamtosha mpishi peke yake? Ukarimu ni wa nyumba inayopokea mgeni wake. Kupikia watu 12 kwa wiki mbili, kwa zamu zilizopangwa na kamati, ni kazi.

Fundi, umenifungua macho kuhusu maji ya kumwagilia ukuta. Nayaongeza kwenye kifungu cha maji. Nami naongeza jambo jingine, ambalo najua halitapendwa. Wageni wetu huja Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo yao, nasi tunafurahi kwa sababu tuna chakula na barabara zinapitika. Januari na Februari, ghala likiwa limeisha na watu wakipalilia huku wana njaa, hawapo. Kundi moja lijaribu kuja wakati huo, likiwa na chakula chake na bila tofali hata moja, likae na kaya na kushika jembe.

Wenzetu wa Kongwa na Kondoa, kama parishi yenu tayari inawalipa wapishi, naomba mtueleze kiwango mlichokubaliana, na kama fedha hizo hukabidhiwa akina mama wenyewe au hupitia kwa mhazini.