Pawabenki ya mAh 20000, simu inajaa mara 2 tu, nimepigwa?

Wakuu, nimechukua pawabenki Kariakoo imeandikwa mAh 20000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa), simu yangu betri 5000 nikajua najaza mara 4, sasa ya tatu haifiki hata nusu taa zinazima. Nimepigwa?

— Hujapigwa mkuu. Hiyo 20000 ni ya betri za ndani, volti 3.7, ila kwenye waya inatoka volti 5, so zidisha 3.7 gawa kwa 5 unabaki na 14800, na bado nyingine inapotea kwa joto. Geuza nyuma usome vile vimaandishi vya siafu, utaona mAh zinazotoka kweli kwenye waya.

— Afadhali yako, mi ya 50000 nyepesi kama kiberiti, kuifungua betri moja na mchanga 😂

— Duh nimeona, nyuma wameandika 12000