Mdogo wangu ana ameloblastoma (uvimbe wa taya): mmoja anasema wakwangue, mwingine anasema taya likatwe. Wajuzi nisaidieni

Kaka_Mkubwa:
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, kama mwaka na nusu nyuma gego la mwisho chini kushoto likaanza kucheza, haliumi wala nini, akaenda likang'olewa akapewa antibayotiki tukajua yameisha. Wapi bwana. Shavu likawa linajaa taratibu mpaka watu wanamuuliza kaficha nini mdomoni, na kwa vile hasikii maumivu ndo akawa anapiga chenga hospitali. Juzi kapigwa eksirei ile ya taya zima, tukaonyeshwa vishimo vyeusi vingi vimejipanga kama povu la sabuni, na mizizi ya magego mawili imelika kama imekatwa na kisu. Wakachukua kinyama, majibu yakaja ameloblastoma. Sasa daktari wa kwanza anasema wakwangue tu, wa pili anataka kipande cha taya kitoke halafu awekewe mfupa wa mguu. Dogo kagoma, anasema bora akae nao maana kaambiwa sio kansa. Hivi kitu ambacho sio kansa mbona kinakatiwa taya?

Pita_Njia:
Asukutue maji ya chumvi asubuhi na jioni huo ni usaha wa jino tu utakauka

Fundi_wa_Magego:
@Pita_Njia hapana, tafadhali. Mfupa ulioliwa haurudishwi na maji ya chumvi.

Kaka, pole. Mimi ni daktari wa meno ila siyo wa kumpasua, kwa hiyo chukua haya kama maelezo tu. Ameloblastoma ni seli zilizobaki toka meno yanatengenezwa, jamaa wa zile zinazojenga enameli (lile ganda gumu la jino), badala ya kutulia zinaanza kukua. Ni kweli sio kansa kwa maana kwamba kusambaa mwilini ni nadra sana, ila ndani ya taya haina adabu. Inapenyeza vidole vyake katikati ya mfupa laini, nje ya ule mpaka mnaouona kwenye eksirei. Ndo maana ukikwangua unatoa kile unachokiona na vile vidole vinabaki, baada ya miaka mnarudi palepale. Wanaokata huwa wanaongeza kama sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima, sio ukatili, wanavifuata hivyo vidole.

Ila kabla hamjagombana na madaktari, nenda kaombe karatasi ya patholojia, yale majibu ya kinyama, usome AINA. Kuna ile ya kawaida, na kuna ya kifuko kimoja ambayo mara nyingi inawapata vijana na kwenye picha inafanana kabisa na sisti (kifuko cha maji) ya jino lililokwama. Ya kifuko, kama seli zimekaa kwenye utando wa ndani tu, kuitoa nzima bila kukata taya ni jambo linalokubalika. Zikiwa zimeingia kwenye ukuta wa kifuko hapo wengi wanaihesabu kama ile ya kawaida. Na kinyama kidogo kinaweza kudanganya, wakati mwingine aina kamili inajulikana uvimbe wote ukishatoka. Kwa hayo mapovu mengi uliyoeleza mimi nasikia harufu ya ile ya kawaida, lakini eksirei peke yake haitoshi, uvimbe mwingine wa taya kama keratosisti na myksoma nao unaweza kuonekana hivyohivyo. Na picha ya CT wamepiga? Inaonyesha kama mfupa wa nje umetoboka.

Mama_wa_Watatu:
Jamani msiogope kila uvimbe wa meno. Mwanangu jino la mbele lilikataa kuota, kupiga picha wakakuta odontoma, nililia siku nzima. Wakatoa vijimeno vidogovidogo kama punje, nikaonyeshwa kwenye kikopo, ikaisha hapo na jino likavutwa kwa waya likashuka lenyewe mahali pake

Fundi_wa_Magego:
@Mama_wa_Watatu hiyo ndo ya kheri kwenye ukoo huu, ikitoka huwa hairudi. Ndo maana jina kwenye karatasi ni muhimu kuliko ukubwa wa shavu.

Taya_la_Chuma:
Kaka mimi nimepitia yote mawili. Nilikwanguliwa mwanzo, nikashangilia, mwaka wa nne naoga nagusa taya kwa kidole pakawa panabonyea na kulia kama ganda la yai. Nikajua. Mara ya pili wakakata, wakachukua mfupa mwembamba wa mguu na mishipa yake wakaunga na plati. Nusu kaputi ndefu, nililishwa kwa mpira wa puani siku kadhaa, na mpaka leo mdomo wa chini upande ule una ganzi, chai ikidondoka kidevuni mke wangu ndo ananiambia. Sikudanganyi ni kazi. Lakini ningejua ningekatwa ile mara ya kwanza, uvimbe ulikuwa mdogo na kipande kingekuwa kifupi.

Msomaji_Usiku:
Nimesoma kuna vidonge siku hizi, kweli??

Fundi_wa_Magego:
Kweli kiasi. Mwaka 2014 ilionekana kwamba ameloblastoma nyingi, hasa za taya la chini, zina badiliko la jini linaloitwa BRAF V600E, lilelile linaloonekana kwenye melanoma, ile kansa ya ngozi. Kwa hiyo dawa kama dabrafenib zimejaribiwa na kuna wagonjwa uvimbe umenywea sana. Lakini bado upasuaji ndo njia ya kawaida, vidonge vinafikiriwa zaidi pale kukata kunapokuwa kugumu. Kaka ulizia kama kile kinyama kinaweza kupimwa BRAF, kuuliza hakudhuru. Na vyovyote mtakavyochagua, picha za kufuatilia asiache hata miaka 10 ikipita, huu unaweza kurudi umeshausahau.

Kaka_Mkubwa:
Narudi na majibu. Karatasi inasema ya kawaida, sio ya kifuko, na CT inaonyesha mfupa wa nje umetoboka. Yule wa kwanza alivyoiona CT mwenyewe kakubali ikatwe. Nimemsomea dogo hii mada yote kakaa kimya, halafu kauliza kitu kimoja tu, huo mguu unaotolewa mfupa atacheza mpira?

Taya_la_Chuma:
Mwambie uzito wa mwili unabebwa na ule mfupa mnene, huo mwembamba hata hivyo hautolewi wote, wanaacha kipande juu ya kifundo. Miezi ya kwanza ngazi nilikuwa napanda nimeshika ukuta, sasa hivi sichechemei. Mpira sasa, mimi hata kabla ya kukatwa nilikuwa siujui 😂