Mexico iliuza ardhi yake au ilinyang'anywa? Tujadili

Wakuu, kila mpaka wa Marekani na Mexico ukitajwa hakosi mtu wa kusema: Mexico iliuza, ikalipwa, yakaisha. Mimi nakataa. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliomaliza vita vya Marekani na Mexico na kuipa Marekani California, New Mexico na maeneo jirani kwa hizo dola milioni 15, ulisainiwa Februari 1848. Jeshi la Marekani lilikuwa ndani ya Jiji la Mexico tangu Septemba 1847! Mtu kakushikia panga sebuleni, halafu anakuandikia risiti. Hayo ni mauziano?

Ila kinachoniuma zaidi ni hati za mashamba. Ibara ya 10 ya mkataba ilizilinda ardhi ambazo watu waligawiwa na serikali za Hispania na Mexico. Seneti ya Marekani ikaifuta. Kisha sheria ya 1851 ikamtaka kila mwenye shamba California aende mbele ya tume kuthibitisha kuwa ni lake. Kesi ziliburuzwa miaka na miaka, na wapo walioshinda huku shamba limeshaishia kwa mawakili na wakopeshaji.

— Mkuu, umeanzia katikati. Mexico yenyewe iliirithi ardhi hiyo kwa Hispania mwaka 1821, haikukaa nayo hata miaka 30. Huko kaskazini waliotamba ni Wacomanche na Waapache, makabila ya wenyeji wa asili. Wao nani aliwauliza? Na Texas ilishajitenga na Mexico tangu 1836.

— Kwa Wacomanche sina ubishi. Hata ibara ya 11 iliyahesabu makabila hayo kama wavamizi wa kudhibitiwa, basi. Lakini Texas usiipambe. Mexico ilipiga marufuku utumwa 1829, ikalazimika kuilegezea Texas kwa kelele za walowezi kutoka Marekani, na walipojitenga katiba yao ikauhalalisha.

— Sawa, sasa unataka California irudishwe? Tuwe wakweli.

— Nani kasema California? Chamizal, kipande cha ardhi pale El Paso ambacho mto Rio Grande ulikihamishia upande wa Marekani, kilirudi Mexico kwa mkataba wa 1963. Jimbo la New Mexico, Marekani, nako kuna familia zinazodai malisho ya vijiji vyao ambayo leo ni misitu ya serikali. Waanze na hayo.

— Chamizal hazikufika hata hekta 300, na bado watu zaidi ya elfu tano wa El Paso walihamishwa, wengi wao wenye asili ya Mexico. Hao nao walipe deni la nani?