Tupeane uzoefu: madoa ya jua yanayokuja na umri

Wakuu, habari za humu. Migongo ya mikono yangu imeanza kutoa madoa ya kahawia, bapa, hayawashi wala hayaumi. Daktari wa ngozi kaniambia ni jua la miaka mingi: seli zinazotengeneza melanini zimechapwa na mionzi mpaka zinarundika rangi sehemu moja badala ya kuisambaza. Wengi huanza kuyaona wakishavuka miaka 40. Mliotangulia, yenu mnayafanyaje? Wauza krimu naomba mpite kando.

Dereva mstaafu: Yangu yamejaa upande mmoja wa uso, ule wa dirishani. Kioo cha dirisha la pembeni huzuia mionzi ya UVB, ile inayobabua, lakini UVA inapenya, tena ndiyo inayozama zaidi kwenye ngozi. Siku hizi wakipiga picha mke wangu ndiye anayenipangia upande wa kukaa.

Mama Mapacha: Yangu yalikuja na mimba, mashavu yote mawili yakafanana. Hayo ni melazma, si ya uzee. Homoni huyaanzisha, jua huyakoleza. Losheni ya kukinga jua iliyotiwa rangi ndiyo iliyonifaa, kwa sababu huzuia na mwanga wa kawaida unaoonekana.

Mpita Njia: Nyie chezeni na krimu za kung'arisha. Shangazi yangu alipaka yenye haidrokwinoni miaka na miaka, mashavu yakaishia kuwa na weusi wa kibuluu ambao hautoki. Nyingine zina zebaki, hiyo inakula figo. Na anayewashauri limau mwulizeni kama ameshawahi kulipaka akatoka juani: linababua hadi malengelenge, kisha linaacha doa jipya.

Babu Kijana: Mimi nimeyaacha, hayana madhara. Isipokuwa moja shavuni lilianza kutanuka, kingo zimechongoka, rangi mbilimbili. Wakakata kipande wakapima: saratani, ila changa, ikatolewa yote. Doa linalobadilika msilipake chochote, lipelekeni likaonwe. Wenye ngozi nyeusi mkague na nyayo na chini ya kucha, huko saratani ya ngozi hutokea hata bila jua.

Mwanzisha mada: Shukrani, Babu. Mimi nimepewa chaguo la kuyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, ile ya baridi kali, ila daktari kaonya kuwa kwa ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe. Kuna mweusi mwenzangu aliyefanyiwa? Rangi ilirudi?