Masta: nichukue tasnifu au mradi? Niko Kigoma

Mwisho_wa_Reli:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa uvuvi huku Kigoma, nasoma masta kwa mtandao, chuo kiko Marekani. Kozi zinaelekea ukingoni na natakiwa kuchagua njia ya kumalizia. Ya kwanza ni tasnifu: kamati, utafiti, kutetea mbele ya jopo. Ya pili ni mradi: unachukua tatizo la watu halisi, unalitafutia ufumbuzi pamoja nao, unakabidhi kazi na ripoti. Cheti ni kilekile.

Wazo ninalo. Kuna kina mama wanaoanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wengine kwenye chanja, wengi mchangani. Dagaa wa chanja hana mchanga na wanunuzi wa mbali wanamgombea, ila bado wengi wanaanika chini. Nataka kufanya kitu hapo. Msimamizi anasukuma tasnifu, mke wangu anasema nimalize tu nilale kama watu wengine.

Kabwela1:
Mke wako ana akili kuliko msimamizi. Mradi.

Mwalimu_Mstaafu:
Ndugu, baada ya masta unaelekea wapi? Ukitaka udaktari wa falsafa, tasnifu inakubeba, maana wanaokupokea wanataka kuona umewahi kushika utafiti mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kufundisha chuo kikuu hapa nchini, itazame kwanza GPA yako: matangazo ya kazi hudai 3.8 ya digrii ya kwanza na 4.0 ya masta. Kama ya kwanza haifiki, tasnifu haitakusaidia kupita hapo. Ukibaki halmashauri, sioni nani atakuuliza ulimalizaje. Watakuuliza kama TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wamekitambua hicho cheti cha nje, kwa hiyo hilo ulifuatilie sasa.

Binti_Takwimu:
Kaka, mimi naangalia swali lenyewe. "Kwa nini wanaanika chini wakati chanja inalipa?" Hilo ni la tasnifu. Unahoji, unalinganisha, na unakubali kupewa jibu usilolipenda. Huenda chanja ni za watu wachache na wengine wanakodishwa, huenda mchangani wanakausha mzigo mkubwa kwa mara moja. "Tuwapatie chanja, mtaji na mnunuzi" ni mradi. Wewe umeandika kama mtu ambaye jibu analo mfukoni.

Mzee_wa_Katonga:
Wasomi mnapanga bila kuliuliza ziwa. Mwaka 2024 Tanganyika ilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukiweka ukusanyaji wa data mwezi Juni kwenye kipindi kama kile, utahoji chanja tupu. Hata likiwa wazi, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, wavuvi wanashona nyavu na mwalo unapoa. Halafu kuanzia Novemba mvua, kina mama wanakimbizana na maturubai. Kwa hiyo muda wako mzuri ni mfupi, na chuo chako hakijui hayo.

Binti_Takwimu:
Mzee umenena, ila kwenye mvua ndiko ningekwenda mimi. Dagaa akinyeshewa mchangani hasara ni ya nani? Mwenye mtumbwi alishalipwa.

Mwisho_wa_Reli:
Shikamoo mzee. Mwalimu, GPA yangu ya kwanza tuiache ilivyo. Sasa nikichukua mradi nakwepa vibali?

Binti_Takwimu:
Usitegemee hivyo. Kama ripoti itakuwa na mahojiano, iandikie kamati ya maadili ya chuo kabla hujamuuliza mtu hata swali moja. Ulichokusanya kabla ya ruhusa wanaweza kukukatalia chote. Huku kwetu nako kuna Katibu Tawala, mkurugenzi, mtendaji wa kata, halafu BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo.

Na kuna jambo hamjaligusa. Wewe ni afisa uvuvi. Leo unakagua leseni na macho ya nyavu, kesho unakuja na dodoso! Mama yule mumewe yuko ziwani, atakujibu unachotaka kusikia. Ukichagua tasnifu, mahojiano afanye mtu mwingine, na uiambie kamati wazi cheo chako. Kwenye mradi cheo hicho kinaweza hata kusaidia, ilimradi kikundi cha kina mama ndicho kiamue kinataka nini.

Mzee_wa_Katonga:
Marahaba. Huyo binti kasema kweli. Ukija na kofia ya serikali watu wanakuwa wapole sana.

Mwalimu_Mstaafu:
Ukienda na mradi, pata barua ya kikundi iliyosainiwa na mwenyekiti na mweka hazina, ikitaja utakachokabidhi. Nimeona mwanafunzi akikwama kwa sababu uongozi ulibadilika katikati, na wapya hawakumjua.

Mwisho_wa_Reli:
Hilo la kofia limenimaliza, sikuwa nimelifikiria. Nachukua mradi. Msimamizi nitamwandikia kesho, na kikundi nitawaomba wanikaribishe kwenye kikao chao kabla sijapendekeza chanja.

Kabwela1:
Nilisema.

Mnyamwezi_Halisi:
Samahani kuingilia, niko Tabora, masta ya elimu, nahoji wanafunzi wa sekondari. Ridhaa ya mkuu wa shule inatosha?

Binti_Takwimu:
Haitoshi. Walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mwanafunzi mwenyewe akubali. Fungua uzi wako, tutakuja.